Faneli Iliyokaa na Bunduki

Mwezi Oktoba mwaka 2023 jirani yetu hapa Ohio, bibi wa miaka 84 aliyefiwa na mumewe miezi michache kabla, aliniomba nifike nyumbani kwake nimtazamie bunduki iliyoachwa na marehemu. Alijua kwamba mimi ni fundi wa mashine za kuchonga chuma, na alijua pia, kwa sababu nilipata kumsimulia tukiwa tumekaa barazani kwake, kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, aliyepelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Mambo hayo mawili yalimtosha kuamini kwamba ninaifahamu bunduki ya kijeshi nikiiona. Kwa bahati, hiyo moja niliifahamu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za silaha walizobeba akina babu, na iliyokuwa imelazwa juu ya meza yake ya chakula ilikuwa ya ukoo huo huo, Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza.

Kando ya bunduki palikuwa na sanduku la mbao lenye vikorokoro vyake: mkanda wa turubai, kichupa cha shaba cha mafuta, kamba yenye kipande kizito kichwani ya kupitishia kitambaa ndani ya mtutu, na faneli ndogo ya bati yenye shingo iliyopindwa. Faneli hiyo hakuna aliyejua ni ya kazi gani. Kijana wa bibi, mwanawe wa kiume, alikuwa ameshaitenga pamoja na misumari iliyopinda na makopo makavu ya rangi, vitu vya kutupwa.

Familia ilikuwa na maelezo matatu juu ya silaha ile, na kila moja lilikuwa na bei yake. Kijana aliamini kwamba babu yake aliibeba katika jeshi la Marekani na kurudi nayo kutoka Ulaya, na ushahidi wake ulikuwa maneno "U.S. PROPERTY", yaani mali ya Marekani, yaliyogongwa ubavuni mwa chuma. Binamu mmoja alikuwa amewaambia kwamba ni bunduki ya mdunguzi na kwamba haiuzwi chini ya dola elfu kadhaa. Mnunuzi wa vitu vya zamani, aliyepita kutazama samani, alitoa dola 100 taslimu na kusema kwamba anawasaidia tu kuondoa mzigo. Bibi hakuwa na shida kubwa ya fedha. Alitaka kujua ukweli kabla hajaamua.

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba haina risasi. Nilielekeza mtutu ukutani pasipo na mtu upande wa pili, nikachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikafungua komeo, chuma kinachoteleza kuufunga mtutu kwa nyuma, nikatazama ndani kwa tochi kisha nikaingiza kidole kidogo penye chemba, mahali risasi inapokaa, kwa maana jicho hudanganyika gizani lakini kidole hakidanganyiki. Silaha nyingi za urithi zimekaa kabatini miaka mingi na risasi ndani, na mtu wa mwisho aliyejua hivyo ameshazikwa. Asiyeweza kufanya hatua hii kwa uhakika asiiguse kabisa, amwite anayeweza.

Baada ya hapo niliomba tuache masimulizi yasubiri, tuisome bunduki yenyewe. Lee-Enfield hujulikana hata kwa umbo lake. Jina la kwanza ni la James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada, ambaye ndiye aliyebuni komeo lake na magazini yake. La pili ni la mji wa Enfield, kaskazini mwa London, palipokuwa na kiwanda cha serikali. Bunduki hizi hutumia risasi ya .303 ambayo ganda lake lina ukingo uliochomoza kitakoni, na magazini yake hubeba risasi 10, mara mbili ya zile za Mauser ya Ujerumani. Aina ya zamani, iliyotumika katika Vita vya Kwanza, ina pua butu: mbao na kifuniko cha chuma hufika hadi mdomo wa mtutu, mtutu usionekane kuchomoza. Aina iliyoifuata, inayoitwa Na. 4, huchomoza kipande kifupi cha mtutu mbele ya mbao, na kilengeo chake cha nyuma kimesogezwa karibu kabisa na jicho la mpigaji. Iliyokuwa mezani ilikuwa Na. 4, na ubavuni iliandikwa Mk I*. Mk ni kifupi cha Mark, yaani toleo, na nyota hiyo ndogo ina maana kubwa.

Bunduki za Na. 4 zilitengenezwa Uingereza katika viwanda vya Fazakerley, Maltby na BSA, kampuni ya silaha ya Birmingham. Uingereza ilipoelemewa, kazi iligawanywa ng'ambo, kwa kiwanda cha Long Branch karibu na Toronto na kwa kampuni ya Savage, iliyozitengeneza katika kiwanda cha Stevens huko Chicopee Falls, Massachusetts. Ni viwanda hivi viwili vya Amerika Kaskazini vilivyotengeneza Mk I* kwa wingi. Nyota inaonyesha kwamba kitasa kidogo chenye springi, kilichokuwa kikiachia kichwa cha komeo kitoke, kiliondolewa ili kuharakisha kazi, na badala yake pakachongwa pengo katika reli ambayo komeo huteleza juu yake. Kwa fundi wa chuma kama mimi, hapo ndipo pa kutazama kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ukingo wa pengo hilo humeguka kadiri silaha inavyotumika, na reli iliyomeguka huvuta bei chini hata kama mengine yote ni mazuri. Ya bibi haikuwa imemeguka.

Namba ya bunduki ilikuwa na herufi C katikati ya tarakimu, na baadhi ya vipande vidogo vilikuwa na herufi S ndani ya mraba. C ni ya Chicopee, S ni ya Savage. Long Branch walitumia L. Kwa hiyo tulijua ilikozaliwa kabla hata ya kufika kwenye maneno yaliyomvutia kijana.

Maneno hayo, "U.S. PROPERTY", yamewapoteza watu wengi, na sidhani kama ni kosa lao, kwa maana yanasomeka wazi kabisa. Lakini jeshi la Marekani halikuzitumia bunduki hizi kama silaha zake za vita. Lilikuwa na bunduki zake, Springfield na Garand. Mwezi Machi 1941 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Lend-Lease, iliyoruhusu serikali kuwaazima marafiki zake vifaa vya vita bila kuwauzia, na kitu cha kuazima lazima kionyeshe mwenyewe ni nani. Ndiyo sababu bunduki iliyotengenezwa Massachusetts kwa ajili ya askari wa Kiingereza, yenye risasi ya Kiingereza na vipimo vya Kiingereza, iligongwa chapa ya mali ya Marekani. Savage walitengeneza zaidi ya milioni 1 za namna hiyo. Nilimweleza kijana jambo hili taratibu, kwa sababu nilikuwa ninamwondolea kitu ambacho amekishika tangu utotoni, na alinyamaza kwa muda mrefu.

Kilichomaliza shaka ni alama zilizokuwa kwenye mtutu. Palikuwa na neno "ENGLAND" limegongwa dogo, na karibu nalo tarakimu .303, kisha 2.222, kisha maneno ya tani 18.5. Alama hizi si za kijeshi. Uingereza, sheria haikuruhusu bunduki iliyotoka jeshini iuzwe kwa raia kabla haijapimwa kwa baruti nzito katika nyumba ya upimaji ya London au Birmingham. Hiyo 2.222 ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, na tani 18.5 ni kiwango cha msukumo kwa kila inchi ya mraba. Neno "ENGLAND" nalo ni kwa ajili ya forodha ya Marekani, iliyotaka kila bidhaa itaje nchi inakotoka. Bunduki iliyozaliwa Massachusetts ilirudi nyumbani imeandikwa kwamba ni ya Uingereza, na kwa mtu anayeisoma, neno hilo moja linasimulia safari nzima: ilivuka Atlantiki ikiwa imeazimwa, ikakaa katika bohari za jeshi la Uingereza, ikauzwa kama mali ya ziada, ikavuka tena.

Katika miaka ya 1950 biashara hiyo ya mali ya ziada ilikuwa kubwa mno. Samuel Cummings, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya kuuza silaha ya Interarmco mwaka 1953, alijaza maghala ya Alexandria, Virginia, kando ya mto Potomac, kwa bunduki alizonunua kutoka serikali zilizokuwa zikibadilisha silaha. Ziliuzwa kwa posta kama viatu. Bunduki ya Kiitaliano ya Carcano iliyotumika kumuua Rais Kennedy mwaka 1963 iliagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Mauaji hayo, na mengine yaliyofuata, ndiyo yaliyozaa sheria ya 1968, ambayo ilikomesha uuzaji wa bunduki kwa posta moja kwa moja kwa raia, ikafunga kwa miaka mingi mlango wa kuingiza silaha za ziada za majeshi ya nje, na ikalazimisha mwingizaji agonge jina lake juu ya silaha. Bunduki ya bibi haikuwa na jina la mwingizaji popote. Nikasema basi kwamba ilifika kabla ya 1968, na kwamba yaelekea ilifika kwa posta.

Bibi aliweka kikombe chake chini. Alisema kwamba mwaka 1962, mwaka wa pili wa ndoa yao, lilifika sanduku refu lililonuka grisi, mumewe akalifungulia gereji na kukesha huko akisugua kitu kwa matambara, na yeye alikasirika kwa sababu walikuwa wakiweka akiba ya jokofu. Hakuwahi kuunganisha sanduku lile na bunduki hii. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho.

Habari ya mdunguzi haikuchukua muda, ingawa ndiyo iliyokuwa na fedha nyingi. Bunduki za wadunguzi za Na. 4 zilichaguliwa kiwandani kwa sababu zilipiga vizuri, kisha nyingi zikapelekwa kwa Holland & Holland, kampuni ya bunduki ya Uingereza, ili zifungwe darubini. Ya kweli ina herufi T upande wa kushoto wa mwili wa chuma, TR kwenye pete inayoshika kitako, alama S51 chini ya kitako, vibao viwili vya chuma vilivyokazwa kwa skrubu upande wa kushoto kwa ajili ya mkono wa darubini, na kibao cha kuegemezea shavu. Zilizotengenezwa na Savage zilizopata kugeuzwa hivyo zilikuwa chache sana. Ya bibi haikuwa na alama hata moja kati ya hizo. Binamu aliona bei ya bunduki nyingine mahali fulani na kuihamishia hapa. Ninaongeza kwamba hata inapoonekana herufi T mtu asiharakishe kufurahi, kwa kuwa herufi moja hugongwa kwa nyundo kwa dakika moja, na wapo wanaozigonga.

Komeo ndilo lililonifurahisha zaidi, ingawa lilishusha bei. Nyuma ya mkono wa komeo hugongwa namba, ambayo yapasa ilingane na ile ya mwili wa bunduki. Hapa haikulingana, tena katikati yake palikuwa na L. Mahali fulani, pengine katika karakana ya jeshi, komeo la bunduki ya Kanada lilitiwa ndani ya bunduki ya Marekani. Mkusanyaji hulipa pungufu kwa jambo hilo, lakini kwa anayetaka kuipiga suala ni la usalama. Nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda la risasi ikizidi, ganda huweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Na. 4 ilitengenezewa vichwa vya komeo vya saizi nne, 0 hadi 3, ili mafundi wa jeshi warekebishe nafasi hiyo. Niliwaambia wasiipige hata mara moja kabla ya fundi wa bunduki kuipima kwa vipimo vyake.

Mbao ziliniuma. Zilikuwa kamili hadi mbele, na hilo ni jambo kubwa, kwa maana Wamarekani wengi wa miaka ile walizikata mbao za mbele ili wapate bunduki nyepesi ya kuwindia paa, na iliyokatwa hivyo huwa imepoteza nusu ya thamani yake au zaidi bila njia rahisi ya kuirudisha. Ya bibi haikukatwa. Lakini wiki moja kabla sijaitwa, mtu wa nyumbani mwenye nia njema alikuwa ameanza kukipiga kitako msasa ili kipendeze machoni pa wanunuzi. Upande wa kulia ulikuwa mweupe na laini, na mihuri iliyokuwapo haikubaki. Rangi ile nyeusi ya mbao za zamani ni mafuta ya kitani na jasho la mikono vilivyoingia ndani kwa miaka themanini, na kwa mkusanyaji hiyo ndiyo ngozi ya bunduki. Juu ya kitako, karibu na bamba la shaba, ilisalia herufi S, inayoonyesha kwamba kitako ni cha saizi fupi, kwa askari wa mikono mifupi. Jeshi la Uingereza lilikuwa na vitako vya urefu wa namna nne na lilimpimia kila mtu chake. Nimewahi kujiuliza babu alipewa herufi gani. Alikuwa mtu mfupi.

Tulibaki na mtutu. Nilitarajia mabaya, kwa sababu risasi za .303 za kijeshi zilizouzwa kwa bei ya chini miaka ya 1960 nyingi zilikuwa na kiwashio chenye kemikali ya klorati, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kutafuna chuma, na mafuta hayaiyeyushi. Mtu anaweza kusafisha kwa mafuta kwa bidii zote na bado akakuta vishimo vya kutu baada ya mwezi. Nilipotazama kwa tochi niliona mtutu unang'aa, mifuo yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, mikali kana kwamba imechongwa jana. Nikashindwa kuelewa. Mtu aliyekuwa na bunduki hii ameipiga kwa miaka, bibi mwenyewe alisema hivyo, na risasi za zamani zilikuwamo bado katika sanduku.

Usiku ule nilimpigia simu baba mdogo, aliyeko Muheza, Tanzania, ambaye ndiye aliyekaa na babu hadi mwisho. Kwake kulikuwa kumekucha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi harusi hajambo? Watoto?"

Nilipomaliza salamu nikamweleza habari ya mtutu. Akaniambia kwamba babu, alipokuwa akisimulia mambo ya Burma, habari za mapigano hakuzipenda. Alipenda kueleza mvua ya Bonde la Kabaw mwaka 1944, matope, ruba, na namna walivyochemsha maji ili kuzitunza bunduki. "Alikuwa akisema bunduki ikishapigwa hukandwa kwa maji ya moto kama mzazi," alisema baba mdogo. "Ukiiacha bila kuikanda, inaoza tumbo."

Nilikaa na simu mkononi nikiiona ile faneli ya bati yenye shingo iliyopindwa. Shingo ile ilipindwa hivyo ili iingie penye chemba huku komeo likiwa wazi, maji yachemke, yamiminwe, yatokee mdomoni mwa mtutu na kuiondoa chumvi yote, kisha joto la chuma likaushe kilichobaki. Ndivyo askari wa Uingereza na wa makoloni yake walivyofundishwa, na mzee wa Ohio, ambaye hakuwahi kuwa askari, aliisoma mahali fulani au alifundishwa na mtu, akaifuata kwa miaka yote. Mtutu ule ulikuwa mzima kwa sababu yake.

Kuhusu bei niliwaeleza nilivyoipata. Sitazami bei zinazoombwa, kwa kuwa kila mtu anaweza kuomba anachotaka. Ninatazama minada iliyokwisha na fedha zilizolipwa kweli, kwa bunduki ya kiwanda kile kile na hali ile ile. Savage yenye mbao kamili, namba zinazolingana na mtutu mzuri iliweza kupita dola 500 mwaka ule wa 2023. Tuliondoa kitu kwa ajili ya komeo la Kanada na kingine kwa ajili ya msasa, tukaongeza kidogo kwa ajili ya mtutu na kwa kukosa chapa ya mwingizaji, na nikaandika katika karatasi kati ya dola 400 na 475. Katika karatasi hiyo niliandika pia kila alama na mahali ilipo, pamoja na kasoro zote mbili, kwa sababu mnunuzi makini atazigundua hata hivyo, na karatasi inayozitaja humfanya aamini mengine yaliyoandikwa.

Ndugu zangu mnaosoma mkiwa Tanzania, haya ya bei hayawahusu kwa namna hiyo hiyo. Ukikuta bunduki ya zamani katika paa la nyumba ya marehemu, iwe ya keya au ya askari wa Kijerumani, sheria ya silaha ya 2015 haijali umri wake. Bila leseni kuimiliki ni kosa. Usiifungue, usiitembeze kutafuta mnunuzi. Toa taarifa polisi kwanza, ukiwa na shahidi, kisha historia yake itafuata.

Bibi aliamua kuuza. Kijana hakuitaka tena baada ya kujua kwamba haikuwa ya babu yake, na sikumlaumu. Iliuzwa kupitia muuzaji wa silaha mwenye leseni kwa dola 440, ikanunuliwa na mkusanyaji aliyesoma karatasi yangu mara mbili kabla ya kuuliza swali lolote. Alichukua mkanda wa turubai, kichupa cha shaba na ile kamba. Alipouliza kama kuna kingine kilichokuwa katika sanduku, bibi alijibu kwamba hakuna.

Faneli ipo dirishani pa jiko lake, karibu na birika.